Boti Haikuzama

Mwanangu Tabita,

Ile ndoto ya boti sikuiota vile nilivyoisema. Hakuna anayejua. Babu yako hajui, mama yako hajui. Mungu anajua, lakini tangu siku ile nimekuwa nikizungumza naye mambo mengine, kama mgeni aliyevunja sahani ya watu halafu anakaa kusifia mapazia yao.

Nakuita mwanangu na mimi nina miaka kumi na minane. Huko Kibiti ukisema hivyo watakucheka. Waambie mimi ni mdogo wake mama yako, basi, na kwetu mtoto wa dada yako ni wa kwako. Uliletwa hapa hujaota hata jino, mama yako akarudi kutafuta kazi, bibi akakulea. Bibi alipofariki ulikuwa na miaka mitatu. Siku ile ya msiba wanawake walikuwa wamejaa uani, wakubwa wenye vifua vya kulalia watoto, nawe ukawapita wote ukaja kulala mapajani kwangu, mimi wa miaka kumi na mitatu, magoti kama vijiti. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Ikawa hivyo. Ukaanza kuniita Mamdogo, na mama yako, aliyekuja sikukuu na sikukuu, ukamwita Mama wa Kibiti.

Sitakuandikia habari za kunawa mikono, kufunga mlango wa choo wala kutokula ovyo njiani. Mama yako anayajua hayo. Anayajua vizuri, nimemwangalia wiki nzima nikitafuta asilolijua, na sijapata mengi.

Nianze na Alhamisi ile ya mwisho wa mwaka jana. Kanisa lilikuwa linavuja, kwa hiyo sala za katikati ya wiki tulizifanyia hapa sebuleni. Tulikuwa wale wale wachache: Babu na daftari lake la nyimbo, nesi wa zahanati, mwalimu na mkewe, vijana wawili wavuvi waliokuja kutoka bara. Mama yako alikuwa amekaa karibu na mlango na begi jipya miguuni. Alikuja kukuchukua. Ameolewa, alisema, mume wake ni fundi pikipiki, mtu wa ibada, chumba chako kipo, nafasi ya shule ipo. Alisema pia "nimemnunulia na kitanda," akainama kwa haya, kama anayeomba ruhusa ya kufurahi.

Unajua desturi yetu. Mtu akitaka kusafiri, au kuoa, au kuhama, Babu huuliza kabla ya kumwombea: "Kuna mwenye neno? Kuna aliyeoneshwa chochote?" Mara nyingi mke wa mwalimu anasema ameona mwanga, tunasema amina, tunakunywa chai.

Siku ile nikasema mimi: "Nimeota."

Wote walinigeukia. Unanijua mimi. Kanisani nikipewa kusoma, sauti inakwisha kabla ya mstari kwisha. Shuleni, kwenye mdahalo wa Kiingereza, mimi niliandika hotuba na mwenzangu Hadija akaisoma, akapigiwa makofi yeye. Niliyafurahia yale makofi nikiwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mtu. Sasa msichana wa namna hiyo akisema ameota, nani atakayemtilia shaka? Walisogea mbele.

"Nimeona boti ya Mzee Mshamu imepinduka mlangoni mwa mto. Watu wanaokolewa. Tabita hakuonekana."

Nesi akasema, "Yesu!" Mama yako akaziba mdomo kwa kitambaa.

Babu akauliza taratibu, "Uliota lini?"

"Usiku wa kuamkia leo."

"Mtoto ulimwona?"

"Sikumwona, Baba. Niliona kiatu chake kinaelea."

Kiatu, Tabita! Sijui kilitoka wapi. Kilikuja chenyewe mdomoni, kimekauka na kuwekwa tayari, kama kilichokuwa kinasubiri kuitwa. Sikutetemeka. Sikumeza mate. Mimi ninayeogopa kuagiza chumvi dukani niliongea mbele ya watu wazima kama mtangazaji wa redio. Ule urahisi ulitakiwa unishtue.

Ndoto yenyewe niliiota kweli, ndiyo maana naona aibu mara mbili. Usiku ule niliota boti inashuka mkondo kati ya mikoko. Wewe umekaa mbele kabisa, una kipande cha muwa mdomoni, mama yako anakufunga kitambaa kichwani upepo usikuumize masikio. Maji yametulia kama mafuta. Mimi niko bandarini kwenye tope, limenifika magotini, nakuita. Nakuita tena. Wewe hugeuki, si kwa ubaya, una muwa. Boti inakata kona na kupotea, na nasikia injini yake mpaka inafika salama. Hiyo ndiyo ndoto. Boti haikuzama. Aliyezama ni mimi.

Niliamka nimechukia. Nikakaa na ile chuki mchana kutwa, nikimenya kamba, nikikuangalia unavyorukaruka karibu na lile begi jipya unafungua zipu na kufunga. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshaigeuza. Sikupanga kwa maneno. Niliuachia woga wangu nafasi ya kukaa, na ulipokuwa umekaa vizuri nikaona umevaa nguo za Mungu.

Babu akasema safari isubiri. "Hatuwezi kumpuuza Bwana," alisema. Mama yako akaondoka peke yake asubuhi, kwa boti nyingine. Nilimsindikiza bandarini nikiwa nimembebea begi, jepesi, halina nguo zako. Akanishika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, asante. Ungekaa kimya ningemuua mwanangu."

Unajua nilichokisikia mimi katika maneno hayo yote? Nilisikia "mwanangu". Dada yangu ananishukuru machozi yanamtoka, na mimi nimesimama pale nahesabu neno moja, najiuliza amelitoa wapi. Wivu ni hivyo. Mtu anakupa mkono, wewe unaangalia pete.

Nilidhani ulikuwa umelala nyuma ya pazia siku ile ya sala. Hukulala. Baada ya siku chache tulikuwa tunachota maji, ukaniuliza kama anayeuliza habari za jirani: "Mamdogo, kile kiatu kilikuwa kipi?"

"Kiatu gani?"

"Kinachoelea."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu na ndoo. Nikasema, "Cha bluu."

Kuanzia hapo ndala zako za bluu zikaingia uvunguni na hazijatoka. Umekwenda shule miguu mitupu nusu ya mwaka, na nikikuuliza unasema zinabana. Na wewe uliyekuwa ukining'iniza miguu nje ya mtumbwi, ukipiga maji mpaka watu wanalalamika, sasa ukivuka kwenda shule unakaa chini kabisa kwenye maji machafu ya mtumbwini, umefumba macho, umeshika ubao kwa mikono miwili. Nimewasikia wenzako. "Tabita mfuko wa chumvi, akilowa anayeyuka!" Wanacheka mpaka mpiga kasia anawakemea. Huwa hujibu. Ulikuwa mtoto wa kujibu.

Na si wewe tu. Mzee Mshamu naye. Habari zilimfikia usiku ule ule wa sala, huku habari hazingoji maji yajae. Siku chache baadaye akaja kwa Babu, akakaa kibarazani, akavua kofia yake.

"Mwinjilisti, nasikia nimeua mtu usingizini mwa binti yako."

"Si hivyo, Mzee mwenzangu. Ni tahadhari tu."

"Sawa. Basi akiota tena aniangalizie na injini, kuna mlio unanisumbua kichwa wiki ya pili." Babu akacheka kidogo. Mzee Mshamu hakucheka. "Lakini watu wako sasa wanapanda boti za wengine. Mimi nimekubeba tangu hujui kukaa ndani ya chombo, unatapika kama paka. Nimebeba bati za kanisa lako, mimi na uislamu wangu, sijakudai hata chai. Leo nina mkosi?"

Kisha akanigeukia. Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa.

"Nawe binti. Huku kwetu nani haoti maji? Ulitaka tuote nini, treni?"

Hata Babu alicheka kwa nguvu. Mimi niliweka sinia nikaenda jikoni, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Nikuambie kwa nini yule mzee asingetakiwa kuwemo katika uongo wangu, zaidi ya watu wote. Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka minne. Tulikuwa shamba la mpunga, msimu wa kuamia ndege wasile nafaka, mimi na wewe peke yetu tunalala juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu unachokiogopea ngazi. Babu alikuwa amekwenda Ikwiriri kwenye mkutano wa kanisa. Alfajiri ukawaka moto. Macho yamegeuka, unasema maneno yasiyo maneno. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi wetu umekaa kwenye tope kama kuku anayeatamia.

Nikaomba. Niliomba, "Mungu, lete mtu." Hakuja mtu. Niliomba tena, nikazidisha maneno ya Babu, yale marefu ya mimbarini. Hakuja mtu. Kilichokuja ni jambo moja dogo, la wazi, lisilo na kelele: shuka ngazi ukaite. Nilivyolichukia! Dungu la karibu lilikuwa la Mzee Mshamu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwambia chochote zaidi ya shikamoo, na hata hiyo naitoa kifuani kwangu mwenyewe, mpaka alikuwa ananitania, "Marahaba binti, kama ndiyo umesema."

Nikashuka. Nikavuka mpunga nimekubeba, nikasimama chini ya dungu lake na sauti haitoki. Nikajaribu tena. Ikatoka kubwa kiasi kwamba ndege wote waliruka.

"Mzee Mshamu! Mtoto anaungua!"

Alishuka na shuka kiunoni. Yeye na mkewe na wanawe walisukuma mtumbwi juu ya tope hadi kwenye maji ya mkondo, wamezama mapajani, yeye akilitukana lile tope kwa Kindengereko matusi ambayo Babu asingeyatafsiri. Nesi alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo ninajua, Tabita. Hicho ndicho kinachoniuma. Si kwamba sikuwahi kuongozwa. Nilishaongozwa mara moja, vizuri, na nilijua kulivyokuwa. Haikuwa sauti. Haikuwa kiatu kinaelea. Ilikuwa ni kunipeleka mlangoni pa mtu niliyemwogopa, kwa ajili ya mwingine. Halafu miaka minne baadaye nikakaa katikati ya watu wa sala nikauita woga wangu kwa jina la Mungu, na nikamtupia kosa mtu yule yule aliyesukuma mtumbwi.

Na haikuwa mara ya kwanza kuuita hivyo. Mwaka jana majina ya kidato cha tano yalipotoka, langu lilikuwemo, shule ya bweni huko nyanda za juu kwenye baridi. Babu alinunua soda. Nikamwambia, "Baba, moyoni naona Mungu amenipa mzigo wa Tabita." Aliniwekea mkono kichwani akasema mimi ni binti wa imani. Mwanangu, haikuwa imani. Niliogopa bweni. Niliogopa kusimama mbele ya wasichana arobaini kusema jina langu, niliogopa kula mbele ya watu, niliogopa wangegundua Kiingereza changu ni kizuri kwenye karatasi tu. Nikakuchukua wewe nikakuweka mbele yangu kama ngao, na ile ngao nikaiita wito. Sasa utaona kwa nini ulipotaka kuondoka nilipagawa. Kama wewe unakwenda, mimi nimebaki kwa ajili ya nini?

Sikujua hivyo wakati ule. Nimejua wiki hii, tangu mama yako arudi.

Amekuja Jumatatu, na safari hii hakuleta begi jipya, alikuja na mkoba wake tu, kama mtu asiyetaka kujipa matumaini. Siku ya kwanza ulikaa nyuma ya khanga yangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilipika wali wa nazi kwa furaha ile. Siku ya pili ukamwonesha daftari lako. Siku ya tatu ukakaa katikati ya magoti yake akusuke. Mimi nakusuka mistari minne, mwisho, na unalia. Yeye alikusuka vile vidogo vidogo vinavyozunguka kichwa, na hukulia, ulikuwa unamsimulia habari za nguruwe aliyeingia shamba la mwalimu, unacheka katikati ya sentensi. Mimi nilikuwa pale pale nje nakwangua nazi. Nilikwangua mpaka nikafika kwenye kifuu.

Usiku wake mama yako akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Tabita analala na taa au bila taa?"

Nikamwambia, "Si umuulize mwenyewe."

Akasema, "Sawa, mdogo wangu." Akaenda kukuuliza. Nikasikia kupitia ukuta ukimjibu: "Bila taa, Mama, ila uniambie usiku mwema mara mbili."

Mama. Sikiliza. Ile "wa Kibiti" ilikuwa imedondoka. Sijui ilidondoka saa ngapi, nilitafuta kwenye kumbukumbu ya siku nzima kama mtu aliyepoteza hereni. Nililala nimegeukia ukuta. Nilikuwa nimekaa miaka mitano nikikuambia usiku mwema mara mbili na nilidhani ni siri yetu.

Alhamisi tukasali tena. Babu hakuuliza kama kuna mwenye neno. Alikaa kwanza, ameshika magoti, akaongea kama anayeongea na miguu yake.

"Nimeomba miezi yote hii. Nilitaka Bwana aniambie mtoto aende au asiende. Hajaniambia. Kitu nilichokiona ni kwamba kila ninapoomba nakuwa tayari nimeshaogopa, naomba nikiwa ndani ya woga, kama mtu anayeuliza njia huku amefumba macho. Mimi nilikuja huku sijui kuogelea, na mpaka leo sijui. Mungu hakuniambia maji hayataniua. Aliniambia nije. Kwa hiyo Jumamosi mtoto anakwenda kwa mama yake. Anakwenda na boti ya Mshamu. Nami nitakaa naye mbele mpaka Nyamisati, nitapike mbele ya watu wote."

Mwalimu akasema, "Amina," nesi akacheka, akajifuta macho. Mama yako aliniangalia mimi. Aliniangalia akitaka ruhusa, Tabita. Mimi! Nikaangalia chini.

Halafu leo asubuhi. Nilikuwa nakunja nguo zako, wewe ukaja ukasimama na vile vidole vyako mdomoni, ukasema kwa sauti ya chini:

"Mamdogo, si unaweza kumwomba Mungu uote tena? Uote nzuri. Uote tumefika."

Nilikaribia. Nakuambia kweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ingekuwa rahisi mno. Ningesubiri mpaka mchana, nikuite, niseme nimelala kidogo na nimeota boti imefika, umeshuka Nyamisati, bodaboda inakusubiri. Ungeamini. Ungevaa ndala za bluu. Ungepanda unaimba. Na isingekuwa hata uongo mtupu, kwa sababu ndivyo nilivyoota, ila miezi sita nyuma.

Kilichonizuia ni kwamba niliiona kesho kutwa yake. Utafika Kibiti, kutakuwa na jambo jingine la kutisha, mtihani, mbwa wa jirani, barabara kuu yenye malori, nawe utakaa unasubiri Mamdogo aote. Utakuwa mtu mzima unapiga simu huku kuuliza kama kuna aliyeoneshwa. Nitakuwa nimekunyang'anya Mungu nikakupa usingizi wangu. Nikasema tu, "Ngoja kwanza," nikaendelea kukunja gauni lile lile mara tatu.

Sauti ya Mungu ilivyo, mwanangu, siijui vizuri. Nina miaka kumi na minane na nimeshamsingizia mara mbili. Ila ya woga naijua, tumelala chumba kimoja. Ya woga inakuja na picha kali, viatu na maiti. Inataka ujibu sasa hivi. Na kila inapohukumu, hukumu inaangukia palepale ninapopataka mimi: baki, usiseme, usimwachie. Ile iliyonishusha ngazi ya dungu haikunionesha picha yoyote. Haikuniahidi hata kwamba utapona. Ilinipa hatua ya kwanza tu, na ilikuwa ile ambayo nisingeichagua. Labda kwako itakuwa tofauti, wewe si mwoga kama mimi, au hukuwa, kabla sijakufundisha. Utaijua mwenyewe. Nakuomba tu mtu akikuambia ameoneshwa habari zako, hata akiwa anakupenda, hasa akiwa anakupenda, mwangalie kwanza anaogopa kupoteza nini.

Nami nilikuwa naogopa kukupoteza wewe. Bado naogopa. Sijaponywa na hii barua, kama ulidhani. Nikifikiria kitanda kile alichokununulia natamani kiwe na kunguni. Natamani shule yenyewe iwe na mwalimu mkali, urudi ukilia, unishike shingo. Halafu natamani usilie. Vyote viwili vinakaa humu ndani na hakuna kinachomhamisha mwenzake.

Mmekwenda kwa Mzee Mshamu, wewe na mama yako na Babu, kuaga na kupanga saa ya maji. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Jua bado liko juu ya mikoko, naandikia hapa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilipoanza nilipanga kuikunja hii barua niifiche chini ya nguo zako, uikute Kibiti ukiwa umekaa kwenye kitanda chako kipya. Nilijiona jasiri sana. Sasa nimefika hapa ndipo naona nilichokuwa nafanya. Ukiikuta Kibiti, utakuwa umeshavuka. Utakuwa umevuka mlango wa mto umefumba macho, unangoja boti ipinduke, wakati ukweli umekunjwa begini chini ya miguu yako. Mama yako naye atavuka amekushika mpaka vidole vimuume. Babu atavuka akidhani anamkaidi Mungu. Na Mzee Mshamu ataendesha mbele ya watu wanaomwangalia kama jeneza. Mimi ningekuwa bandarini, kwenye tope, nimesalimika.

Hapana. Kuna mlango ninaouogopa na hakuna mwingine. Babu ataumia, ni mwinjilisti, na binti yake alidanganya kwenye sala, watu watasema. Dada yangu alinishukuru kwa kumzuia asiwe na mtoto wake, sijui atanitazama kwa macho gani. Na wewe. Nilishakuona mara moja ukiniangalia vibaya, siku niliyomchinja kuku wako bila kukuuliza, na sikulala.

Nawasikia. Mmefika kwenye mnazi ule ulioegama, Babu anakohoa, wewe unamwuliza mama yako jambo na unataka jibu sasa hivi. Mkono wangu umeshika pembe ya mkeka tayari kuifunika karatasi. Huu ni mchezo wangu wa jioni nzima, kila kuku akipita naifunika.

Nimeuachia mkeka.

Dada anapiga hodi. Nyumbani kwa baba yake mwenyewe, anapiga hodi kwangu. "Hodi humu, mdogo wangu, kichwa vipi?"

Karatasi iko wazi, wino haujakauka hapa chini. Nimemwitikia. Nimesema, "Karibu, Mama Tabita. Njoo kwanza usome hapa, halafu tumwite mtoto."